Kitambaa Kilichozunguka Kisiwa

Kwetu Shishiyu, wilayani Maswa, maji makubwa niliyoyajua utotoni yalikuwa ya lambo la kunyweshea ng'ombe. Ziwa tulilisikia, bahari tuliisoma. Katika kitabu cha historia palikuwa na picha ya matao ya mawe, chini yake pameandikwa Kilwa Kisiwani. Mwalimu akatufundisha kwamba hapo palikaa masultani waliouza dhahabu na pembe za ndovu, kisha Wareno wakaja na mji ukaanguka. Tukakariri, tukajibu mtihani, jioni tukarudi shambani kuchuma pamba. Hakuna aliyetuambia kwamba matao yale na shamba lile vimo katika hadithi moja. Mimi nimeijua ukubwani, siku niliyovuka maji kwenda kuyaona mawe yenyewe.

Nilisafiri mwezi wa nane, pamba ikiwa imeshauzwa na baba akiwa amenipa ruhusa ya kutokuwepo wakati wa kusafisha shamba. Kutoka Maswa hadi Dar es Salaam ni safari inayomaliza mchana na kuuma usiku. Asubuhi nikapanda basi la kusini pale Mbagala Rangi Tatu. Tukavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla yake watu walivuka kwa pantoni, na mvua zilipokaza kusini ilikatika na nchi. Nangurukuru, pale barabara ya Kilwa Masoko inapochepuka, nilisikia Kisukuma. Vijana wawili wenye fimbo walikuwa wakinunua dawa za ng'ombe. Wafugaji wengi wa kwetu waliteremka hadi huku, hasa baada ya kuondolewa bonde la Ihefu mwaka 2006 na 2007. Nikawaamkia kwa Kisukuma, wakageuka kama watu walioitwa kwa majina yao. Nilipowaambia nakwenda kuangalia magofu, mmoja akauliza kwa upole kama kuna ndugu yetu aliyezikwa huko. Swali hilo nililibeba hadi kisiwani.

Kutoka gati ya Masoko kisiwa kinaonekana wazi, kijani na kimelala chini, kama kilometa mbili hivi ng'ambo ya maji. Ukishapata kibali unapanda boti pamoja na wenyeji wanaorudi na unga, mafuta ya taa na madumu ya maji. Kiongozi wangu alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa kisiwani. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akaniuliza natoka wapi. Nikamtajia mkoa wetu, Simiyu. Akanyamaza kidogo, akauliza tunalima nini. Nikamjibu pamba. "Basi wewe utaielewa Kilwa," akasema, na kabla hatujafika akaanza kunieleza habari ya kitambaa.

Habari hiyo ni ya zamani na imeandikwa zaidi ya mara moja. Ipo tarihi ya Kiarabu iliyotungwa katika karne ya 16, ambayo nakala yake iko London. João de Barros, mwandishi wa mfalme wa Ureno, naye aliichapa kwa namna yake mwaka 1552. Kisha mwaka 1907 Mjerumani Carl Velten akachapa masimulizi ya Kiswahili ya watu wa Kilwa. Majina yanatofautiana, kitambaa kimo. Ali bin al-Hasan, mtu wa ukoo wa Shirazi, alifika kwa jahazi akakikuta kisiwa kina mwenyewe. Masimulizi ya Kiswahili yanamwita mwenyeji huyo Mrimba. Ali akataka kununua. Mwenyeji akakubali kwa bei moja: nguo za kukizunguka kisiwa chote. Zikatandazwa ufukweni hadi ncha zikakutana, naye akazichukua akahamia bara. Siku zile, wanasema, maji yakipwa mtu aliweza kuvuka kwa miguu. Mwenyeji alipotaka kurudi na jeshi lake wakati maji yamekupwa, akakuta mkondo umekuwa wa kina. Tarihi ya Kiarabu inasema Ali aliuchimba. Masimulizi ya Kiswahili yanasema ilisomwa Kurani, bahari ikakataa kukauka.

Wanahistoria wa leo hawaichukui habari hii kama ilivyo. Uchimbaji umeonyesha kwamba watu waliishi kisiwani, wakivua na kufua chuma, muda mrefu kabla ya ukoo wowote wa kutoka Uajemi kutajwa. Uchunguzi wa vinasaba uliochapwa katika jarida la Nature mwaka 2023, ambao ulihusisha na mifupa ya Kilwa, uliwakuta watu wa miji ya pwani hii wakiwa na asili ya Afrika hasa kwa upande wa mama, na asili ya Uajemi kwa upande wa baba, mchanganyiko ulioanza karibu mwaka 1000. Kwangu mimi hilo haliipunguzii hadithi thamani. Watu walioitunga walijua mji wao umesimama juu ya nini. Katika kumbukumbu yao haukusimama juu ya panga. Ulisimama juu ya nguo na biashara, na juu ya mtu wa bara aliyejiona amepunjwa.

Kwa nini hapa na si pengine? Mama yule alinielekeza nitazame maji. Kati ya kisiwa na bara kuna bandari yenye kina, imekingwa na upepo pande zote. Na upepo ndio uliokuwa injini ya dunia ile. Kaskazi huvuma kuanzia mwezi wa kumi na mbili na kuleta vyombo kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Kusi huanza mwezi wa nne na kuvirudisha. Jahazi lililotoka mbali kaskazini liliweza kufika Kilwa, kuuza, kununua na kurudi katika msimu mmoja. Likijaribu kwenda zaidi kusini, hadi Sofala penye dhahabu, lilikuwa hatarini kukwama mwaka mzima. Basi watu wa Kilwa wakajiweka katikati. Vyombo vyao ndivyo vilivyoteremka Sofala kuchukua dhahabu iliyotoka nyanda za juu za Zimbabwe. Wageni wakaingoja hapa, na kila mzigo uliopita ukaacha ushuru wake. Sarafu ya shaba yenye jina la sultani wa Kilwa imeokotwa Great Zimbabwe, mamia ya kilometa kutoka baharini. Nyingine tano zilikutwa mwaka 1944 kwenye ufukwe wa kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa Australia.

Tulianzia Msikiti Mkuu. Picha ya kitabuni haikunitayarisha. Sehemu ya kaskazini ndiyo kongwe, ya karne ya 11 au ya 12, ndogo, iliyokuwa na paa lililobebwa na nguzo. Kusini yake ni upanuzi wa karne ya 14: safu baada ya safu ya nguzo za matumbawe na chokaa, juu yake matao na makuba, baadhi bado yamefunika. Sehemu hii iliporomoka si miaka mingi baada ya kujengwa, ikasimamishwa upya katika nusu ya kwanza ya karne ya 15. Jua linaingia kwa vipande. Nilipapasa ukuta nikaona umbo la tumbawe lenyewe, matundu madogomadogo kama ya sega la nyuki. Matumbawe ya kunakshi yalikatwa baharini yakiwa bado laini, yakachongwa, yakaachwa yakauke na kuwa magumu. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe mengine juu ya rundo la magogo. Boriti zilikuwa za mikoko. Isipokuwa kauri za China zilizopambwa kwenye baadhi ya majengo, jumba hili lilitoka katika bahari na misitu iliyo mbele ya macho, kwa mikono ya mafundi wa hapahapa. Sijui mtu anawezaje kusimama chini ya makuba yale kisha aseme ustaarabu ulikuja Afrika ukiwa umefungashwa.

Nyuma ya msikiti, kwenye njia ya kwenda makaburini, mama aliinama akaokota kitu, akakiweka kiganjani mwangu. Kilikuwa kigae cha chungu, kimesuguliwa kikawa duara, upana wa sarafu kubwa, katikati kimetobolewa. Nilidhani ni shanga ya mapambo. "Cha kusokotea," akasema. Unapitisha kijiti katikati ya tundu, kigae kinakuwa uzito wa chini. Unazungusha kijiti, pamba inajipota kuwa uzi. Neville Chittick, aliyechimba hapa katika miaka ya 1960 na kuchapa kazi yake mwaka 1974, alivikuta vingi. Kilwa haikuwa inanunua nguo za Gujarat tu. Ilisokota na kufuma ya kwake. Na mwaka 1505 Hans Mayr, Mjerumani aliyekuja ndani ya vyombo vya Wareno, aliandika kati ya mambo aliyoyaona kisiwani kwamba pamba ipo kwa wingi, ni nzuri, na inastawi.

Nilisimama na kile kigae muda mrefu. Nimekua nikichuma pamba, nikashindilia kwenye magunia, nikasaidia kuyapandisha kwenye gari. Maisha yangu yote sijawahi kumwona mtu wa kwetu akigeuza pamba yake kuwa uzi. Inaondoka mbegu na nyuzi pamoja, inarudi shati la mtumba. Hapa palikuwa na wanawake na wanaume, miaka 700 iliyopita, walioishika tangu mtini hadi kwenye nguo. Mama akakichukua kigae, akakirudisha palepale alipokiokota.

Kisha akanipeleka Husuni Kubwa, kwa miguu, kupitia vichaka na mibuyu. Ni jumba la kifalme juu ya genge linalotazama bahari, lenye vyumba zaidi ya 100, ua wenye ngazi za kukalia kama barazani, na bwawa la kuogea lenye pande nane. Alilijenga sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14, na jina lake limekutwa limechongwa humo kwenye tumbawe. Ndiye sultani ambaye Ibn Battuta alimkuta alipofika Kilwa mwaka 1331. Msafiri yule kutoka Tangier aliyekuwa ameshaona Cairo na Makka aliuhesabu mji huu kati ya miji mizuri kuliko yote, na akaeleza ukarimu wa sultani aliyeitwa Abu al-Mawahib, baba wa zawadi. Siku moja baada ya sala ya Ijumaa fukara mmoja wa Yemen alimsimamisha njiani, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia nyumba ya khatibu kando ya msikiti, akabadilisha, akamwita fukara achukue. Mrithi wake akazinunua tena nguo zile kwa watumwa kumi. Baba yake aliposikia watu wanavyomsifu, akaamuru fukara aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe.

Nguo tena. Safari hii bei yake ilikuwa watu. Ibn Battuta anaisimulia kama sifa, na mama aliisimulia bila kuipamba. Nami nasema wazi kwamba hapo ndipo uzuri wa Husuni Kubwa ulipoingia kiza machoni pangu. Watu 20 waliotoka mkono mmoja kwenda mwingine hawakuandikwa majina. Walitoka bara, na msafiri mwenyewe anasema sultani alikuwa akienda mara kwa mara kuvamia nchi za huko. Nilikumbuka swali la yule kijana wa Nangurukuru.

Vasco da Gama aliingia bandarini mwaka 1502 na kumlazimisha mtawala, amiri Ibrahim, kutoa kodi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ilifika Lisbon, na mwaka 1506 ikafuliwa kuwa chombo cha ibada cha kanisa, kirefu, chenye mitume 12 waliopiga magoti. Kinaitwa Custódia ya Belém, kipo hadi leo katika jumba la makumbusho la Lisbon, na Wareno wanakihesabu kati ya hazina zao kuu. Wakati kinafuliwa, Kilwa ilikuwa imeshavunjwa. Julai 1505 Francisco de Almeida alishusha askari alfajiri. Mayr anaeleza jinsi mapadri walivyoshuka na misalaba miwili wakiimba shukrani, wakaenda hadi jumba la mtawala, nahodha mkuu akasali, kisha watu wote wakaanza kupora. Wakajenga ngome ufukweni. Mwaka 1512 wakaondoka. Waliondoka wakiwa wameshaikamata Sofala yenyewe, na bila Sofala bandari nzuri ilibaki bandari tu.

Ngome inayosimama leo ufukweni ilijengwa upya na Waarabu wa Omani karibu mwaka 1800. Inaitwa Gereza. Wengi wanaamini neno lenyewe limetokana na neno la Kireno la kanisa. Wakati huo kisiwa kilikuwa kimepata tajiri mpya. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice aliwekeana mkataba na sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka, piastre 20 kila mtu, kwa ajili ya mashamba ya visiwa ambavyo sasa ni Mauritius na Réunion. Biashara ilipohamia Kilwa Kivinje, upande wa bara, kisiwa kikabaki na wavuvi. Mwanzoni mwa miaka ya 1840 sultani wake wa mwisho alichukuliwa kupelekwa Omani. Magofu yakaota mibuyu. UNESCO ikayaingiza katika urithi wa dunia mwaka 1981, mwaka 2004 ikayatangaza kuwa hatarini kwa jinsi mawimbi yalivyokuwa yakila ufukwe, ikayaondoa kwenye orodha hiyo ya hatari mwaka 2014 baada ya kuta kutengenezwa.

Ningeishia hapo kama ningekuwa mgeni wa kupiga picha. Lakini tukiwa tumekaa kivulini kwenye kizingiti cha Gereza, tukila muhogo na samaki wa kukaanga, mama alinyoosha mkono kuelekea kaskazini magharibi, ng'ambo ya maji. "Huko juu ni Umatumbi," akasema. "Na huko ni habari ya pamba vilevile."

Mwaka 1902 serikali ya Kijerumani ilianza kuwalazimisha watu wa kusini kulima pamba katika mashamba ya pamoja chini ya majumbe na maakida. Mtu aliacha shamba lake la chakula liote majani, akafanya kazi chini ya kiboko. Malipo yalipokuja yalikuwa sarafu chache ambazo wengine walikataa kuzipokea. Huko Ngarambe, Kinjikitile Ngwale akagawa maji na kuwaunganisha watu wa makabila tofauti. Julai 1905, katika kijiji cha Nandete kwenye vilima vya Umatumbi, wazee waliingia kwenye shamba la serikali wakang'oa mashina ya pamba. Hilo ndilo lilikuwa tangazo la vita. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile alinyongwa Mohoro. Vita vikaenea hadi Songea na Mahenge, na jibu la Wajerumani lilikuwa kuchoma vijiji na maghala. Wao wenyewe walihesabu waliokufa kuwa 75,000. Wanahistoria waliofuata wanataja hadi 300,000, wengi wao kwa njaa.

Vita hivyo, vya Majimaji, nilivisoma shuleni. Neno pamba lilikuwemo, nikalipita kama lilivyopitwa neno Kilwa. Kwetu pamba ilikuwa heshima. Guku, babu yangu, alijenga nyumba ya bati kwa pamba na kulipa ada za watoto wake kwa pamba. Hasira yake haikuwa kwenye mmea, ilikuwa kwenye mizani. Alikuwa akitusimulia jinsi wakulima walivyofika kituoni na gunia walilolijua uzito wake kwa mgongo, jiwe la mizani likasema vingine. Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Usukuma walipoanza kuweka watu wao kusimama kando ya mizani ya wanunuzi na kuhakiki. Kutoka hapo vikaota vyama vya msingi, na mwaka 1955 shirikisho la Victoria lililoongozwa na Paul Bomani, ambalo baada ya miaka michache lilitajwa kuwa kati ya vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Watu waliokuwa na pamba ileile, chini ya ukoloni pia, wakapata njia nyingine ya kusema hapana. Namheshimu mzee wa Nandete, namheshimu na guku. Sitaki mtoto wa Shishiyu amsome mmoja bila mwingine.

Tuliondoka na maji yakijaa. Nahodha alisukuma boti kwa upondo hadi penye kina, akawasha injini. Mama alibaki ufukweni akizungumza na mtu aliyemletea mchele.

Nilipofika nyumbani baba alikuwa bado shambani. Mashina ya msimu uliopita lazima yang'olewe na kuchomwa kabla wadudu hawajajificha humo hadi msimu ujao, na alikuwa amebakiza robo eka. Nikavua viatu nikashika mstari wa pembeni yake. Tukiwa tunang'oa nikamsimulia yote, dhahabu, makuba, kigae chenye tundu, hadi kitambaa kilichozunguka kisiwa. Hapo akasimama.

"Mizani ilikuwa ya nani?"

"Haikupimwa kwa mizani, baba. Ilitandazwa ufukweni, kisiwa kizima, watu wakiangalia, mpaka ncha zikakutana."

Akafikiri, shina likiwa mkononi, udongo ukidondoka kwenye mizizi.

"Basi huyo alikiona alicholipwa," akasema, akalitupa kwenye rundo, akashika lingine.